Mawe Juu ya Magogo

Wewe uliona. Usiniambie ulikuwa mbali. Ulikuwa darajani saa tisa alasiri, Julai ile, ukamwona mwanamke amekumbatia jiwe anapanda mlima mbio, watu tisa nyuma yake wakimtukana. Ukageuza uso, ukaenda zako kunywa bakuli la shirchoy, chai yetu ya maziwa na chumvi. Leo nitakueleza ulichokikwepa, maana mimi nilikuwa mmoja wa wale tisa.

Mwanamke yule ni Zarifmo, mjane wa Qurbonsho. Alikuwa anamalizia miezi sita ya mafunzo ya ufundi wa kutunza mto na vyanzo vyake, kwenye chuo kile kilicho mlimani, juu kidogo ya daraja. Walimfundisha kupanda mierebi ukingoni, kujenga vizuizi vya mawe vya kupunguza kasi ya maji, na kusoma nguzo ya kupimia maji iliyosimikwa mtoni. Nguzo ina rangi tatu: chini kijani, katikati njano, juu nyekundu. Maji yakigusa nyekundu, mwalimu Shodmon anafungua kibanda na kupiga king'ora. Ufunguo uko mfukoni mwake. Mwingine haruhusiwi kuushika.

Siku ile saa nane maji yalikuwa kwenye njano. Nusu saa baadaye yakawa kijani. Yalishuka kama beseni lililotoboka, na jua ndiyo kwanza linachoma barafu huko juu.

Sisi tulifurahi. Kuni kwetu ni shida, na mto ukishuka unaacha magogo. Sheria ni ya mababu: ukiweka jiwe lako juu ya gogo, gogo ni lako, na anayeliondoa ameitukana nyumba yako. Tukateremka hadi katikati ya mto, na dada yangu Savsan mwenye goti bovu akiwemo.

Zarifmo alimkimbilia mwalimu. Walisimama kwenye mteremko, juu kidogo ya tulipokuwa, nikawasikia.

"Mwalimu, piga king'ora! Mto umeziba huko juu."

"Nguzo inasemaje, mama?"

"Kijani."

"Na kijani ni nini?"

"Salama. Lakini kwa jua hili, maji yanakwenda wapi? Yanajaa nyuma ya kifusi kilichoporomokea mtoni!"

"Hayo yamo kwenye jedwali la vipimo?"

"Hayamo."

"Basi. Juzi ulinipigisha king'ora bure, wakubwa wakanicheka. Ukirudia, cheti huna."

Akaja ukingoni. "Tokeni! Tokeni mtoni, jamani!"

"Shemeji keshakuwa profesa!" akajibu Davlatqadam, jirani yangu, mtu wa mdomo. "Shuka uchukue gogo, ukichemshe supu hicho cheti!"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mimi ninayejua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili mto uliposhuka vilevile, mama yangu akateremka kuokota kuni. Shali yake tuliipata siku ya nne. Nimeibeba siku hiyo miaka thelathini na minane, lakini gogo langu lilikuwa zuri.

Zarifmo akateremka, akaenda moja kwa moja kwenye gogo la Davlatqadam, akalitwaa jiwe, akalitupa majini. La pili akalipiga teke. La tatu pia. Langu akalikumbatia, akatimka nalo.

"Mwizi!"

"Mjane huna haya!"

"Rudisha, nitakuvunja mguu!"

Tukamfuata sote. Hata Savsan, anachechemea, matusi yake yamewazidi wanaume. Tulimkamata juu kwenye miti ya aprikoti. Davlatqadam akainua mkono. Zarifmo hakukinga uso. Alikuwa anatazama nyuma yetu.

Kwanza ilikuja harufu ya udongo mbichi. Kisha ardhi ikatetemeka. Kisha tope jeusi, refu kuliko nyumba, na mawe makubwa kama ng'ombe, likapita palepale tulipokuwa tunagombania kuni. Nguzo ikaenda. Magogo yakaenda. Daraja ulilotoka punde likaning'inia upande mmoja. King'ora hakikulia. Mkono wa Davlatqadam ulibaki juu, hajui auweke wapi.

Unajua walichomfanyia Zarifmo? Walimnyima cheti. Imeandikwa: aliacha kituo bila ruhusa, akaleta vurugu mtoni. Nguzo mpya imesimikwa, rangi tatu zilezile. Ufunguo umo mfukoni mulemule. Na nusu ya kile kifusi bado imekaa huko juu, inasubiri joto.

Jiwe langu alinirudishia. Nimelishika hapa. Wewe nawe weka chini hilo bakuli, uchukue la kwako. Twende sasa hivi tukayapange mlangoni pa chuo, kila mtu na lake, na asiyaondoe yeyote mpaka Zarifmo apewe cheti chake na ufunguo utundikwe nje, pale mkono wa kila mwanafunzi unapofika. Inuka. Jua limeshaanza kuchoma.