Maziwa ya Jumatano

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, watu wa ile barabara ya juu ya Molo hupanga mitungi yao ya maziwa kwenye kibao karibu na lango la kanisa, wasubiri pikapu. Jumatatu moja mwezi wa tatu Gathogo alikuja na mtungi wake, akaupanga wa sita, akakunja mikono kwa baridi. Mtungi haukuwa na kitu. Gathogo hakuwa na ng'ombe.

Kosa lilikuwa la Madam Namalwa, mshauri wa kituo cha Nakuru ambako Gathogo alikaa miezi mitatu akiachishwa pombe. Alimwambia, "Usiniambie utaacha maisha yako yote, hiyo nimeisikia sana. Niambie kesho asubuhi utafanya kitu gani kimoja." Gathogo akasema atapeleka mtungi barabarani. Madam akaandika, akapiga mstari chini yake, wala hakuuliza kama kuna ng'ombe. Watu wa mjini hawaulizi mambo kama hayo. Ng'ombe alikuwako, jina lake Karembo, na Gathogo alikuwa amemuuza miaka sita iliyopita akamnywa kwa wiki tano, pembe na kwato.

Kigen, karani wa maziwa, alifungua mfuniko, akachungulia, akaufunga.

"Boss, leo hakuna."

"Hakuna."

"Sawa. Kesho basi."

Siku ya kumi mtungini mlikuwa na kikombe kimoja cha maziwa, ambacho hakuna aliyekitia. Kigen alitumbukiza kipimo chake, kikaelea panapofaa, akasema hayajatiwa maji, akayamimina pamoja na ya wengine. Akina mama kwenye foleni waliendelea kulalamika juu ya viazi kuoza.

Gathogo akaongeza jambo la pili: kuosha mtungi kila jioni. Maziwa yakawa vikombe vitatu. Kisha kufagia zizi, ingawa humo mlikuwa na kuku wa jirani tu. Kisha kunyoa ndevu. Kila jambo dogo liliposhika, maziwa yalipanda kidogo. Siku ya arobaini alipitia kwa rafiki wa zamani kumpa pole ya msiba, na tusidanganyane, kila mlevi ana msiba wa kwenda. Asubuhi mtungi ulikuwa mkavu na unanuka pombe ya chang'aa. Alirudi siku ya kwanza, hakumlaumu mtu, hata marehemu.

Ilimuuma kwa sababu ya Sue, mama wa mtoto wake, aliyehamia Kiamunyi, Nakuru. Sue alikuwa amemtumia ujumbe mmoja tu: akimaliza siku mia bila kugusa pombe, aje amwone Wangui. Hicho ndicho kilichokuwa kinamwamsha. Wangui alikuwa wa miezi kumi na mmoja Karembo alipouzwa. Alipewa jina la mamake Gathogo, kwa hivyo Gathogo humwita Mami, au angemwita hivyo kama yeye mwenyewe angekuwepo.

Siku ya sitini ya hesabu mpya, Mama Cherop, jirani yake, alichovya kidole kwenye mtungi akalamba.

"Haya ni ya Karembo," alisema. "Ya ile Jumapili walimbatiza Wangui na wewe ukakosa kufika. Onja, yana moshi. Siku hiyo ngano ya kina Kiarie ilishika moto."

"Karembo nilikuwa nimeshamuuza."

"Ndiyo nakwambia. Ni yale mtoto hakupata." Akapangusa kidole kwenye leso. "Na wewe unampimia Kigen. Ai, Gathogo! Maziwa ya mtoto unayauza mara ya pili?"

Gathogo alishikwa na aibu mpaka masikio. Tangu siku hiyo alipeleka mtungi barabarani, kwa kuwa alikuwa ameahidi, kisha akaurudisha nyumbani na kuyamimina kwenye jerikeni. Hayakuganda wala kuchacha. Maziwa ya miaka sita hayana haraka.

Siku ya mia alivaa shati la kanisani akaenda Kiamunyi na jerikeni nzima. Sue alimwambia avue viatu mlangoni, akayachemsha maziwa kwenye sufuria kubwa, akayaangalia yasifurike. Wangui alitoka chumbani na sare ya shule akampa mkono, kama wanavyofundishwa kusalimia wageni.

"Mami," Gathogo alisema, "haya ni yako. Nimekuletea yote."

Mtoto alipokea kikombe, akakinusa, akamtazama mamake. Kisha akakiweka mezani kwa mikono miwili asimwage.

"Asante. Lakini mimi hunywa strungi, chai bila maziwa."

"Hata kidogo tu?"

"Maziwa hunitapisha."

Sue hakuinua sauti. "Ulipomuuza ng'ombe, alikuwa analia kila asubuhi akisikia mitungi ikipita barabarani. Wiki mbili. Halafu Jumatano moja ikapita, akanyamaza. Sikumpa tena, nisije nikamrudisha kwa kilio."

Gathogo alijua vizuri jinsi mtu anavyoachishwa kitu. Alikunywa kikombe kile yeye mwenyewe, kikiwa bado cha moto, kwa kuwa ilikuwa vibaya kukiacha. Wangui alimaliza strungi yake, akaenda kuandika hesabu zake.

Kesho yake saa kumi na mbili kasorobo Gathogo aliupanga mtungi wake katika nafasi ya sita. Kwa mara ya kwanza ulikuwa umejaa hadi mdomoni. Mama Cherop alichovya kidole, akalamba, akapangusa kidole kwenye leso.

"Ni ya siku gani?" Gathogo aliuliza.

"Jumatano. Ile mtoto aliacha kulia."

Kigen aliuliza kama apime. Gathogo akasema ngoja kidogo. Pikapu ikangoja, kisha ikaondoka. Aliubeba mtungi hadi nyumbani, akayamimina maziwa jerikenini, na jioni akauosha.