Salamu Kutoka Darini

…imekunjwa, nawaambia imekunjwa, yote miwili, miguu ni yangu naijua, na huyu nesi Klaudia anacheka ndani ya barakoa, "Mama, imenyooka, imenyooka kama reli," reli ya wapi, Bukoba hii kuna reli, aseme mgomba nimwelewe, na hata mgomba haunyooki ukishabeba, mimi nayahisi magoti yamekunjika, nyayo zimeelekea nyuma, mwili wote umekaa juu ya magoti na hayaumi, hayaumi hata kidogo, mara ya mwisho kupiga magoti ilikuwa lini, sikumbuki, nilikuwa bado nashonea kule kwetu Kimwani, sijahamia huku Hamugembe, goti la kulia lilikuwa bado linakubali… "Hapa je, baridi unaisikia?" anauliza Evarist, bwana wa ganzi, ana pamba yenye spiriti, ananigusa mahali nisipopaona, maana wametundika shuka ya kijani juu ya kifua changu kama pazia la chumba cha kujaribia nguo, namwambia baridi sisikii, ila nimepiga magoti, na yeye hacheki, huyu ana adabu, anasema, "Ubongo unakumbuka pale ulipoiacha miguu, mama, wakati sindano inaingia ulikuwa umekaa, basi kwako wewe bado imekunjwa," na ni kweli alinikalisha ukingoni mwa meza miguu ikining'inia, akasema inama, toa mgongo nje, zaidi, zaidi, Klaudia akanishika mabega, paji la uso nikaliegemeza kifuani kwake, ananukia sabuni ya kufulia, na sindano haikuuma kama walivyonitisha wodini, ilisukuma tu, kama mtu anayepapasa komeo la mlango usio wake, kisha joto likashuka makalioni, likashuka mapajani, halafu miguu ikaondoka bila kuaga… waache waseme imenyooka, mimi nimepiga magoti, na ni tamu, Mungu wangu, ni tamu, nilisahau kwamba kuna upole ndani yake ukishafika chini, na mdomo wangu huu usio na mlango unasema kwa sauti, "Ndicho nilichokuja kutafuta."

"Kipi hicho, mama?" Ni Mushumbusi, daktari mpasuaji, amesimama upande wa pazia, mikono iliyooshwa ameiinua mbele ya kifua kama mchungaji anayebariki, namwambia, "Kupiga magoti, daktari," na naona macho yake yanamtazama Evarist, kisha yanarudi kwangu, "Nani alikuambia utapiga magoti?" nani aliniambia, swali gani hilo, "Mama Kokubanza, nilikueleza kliniki, utatembea, utapanda ngazi, utalala bila maumivu, lakini kulipigia goti la bandia, hapana, wanaoweza ni wachache na mimi siwashauri," anasema polepole, na kweli alinieleza, sasa naikumbuka ile siku, alikuwa na goti la plastiki mezani, analikunja analikunjua, mimi niliposikia goti jipya masikio yakafunga hapohapo, mwanamke wa kwetu ukimwambia goti jipya unataka asikie nini kingine, ni kama kuuziwa jembe ukaambiwa usilime, na nani wa kumlaumu, yeye alisema, mimi mtu wa kusema wazi, mteja akileta kitambaa kidogo namwambia palepale, hiki hakikutoshi, ongeza kitambaa au punguza mwili, na wengine wananuna wanakwenda kwa mafundi waongo wa sokoni, mimi sikuuliza, mimi… "Sijakata," anasema Mushumbusi, "ukisema tuache, tunaacha, ganzi itaisha, utarudi wodini, hakuna atakayekulaumu. Fikiri, nakusubiri."

Afikirie nani, na nusu ya mwili imekwenda zake, Klaudia amenishika mkono, mashine inaita tii, tii, na mimi namwona tata, baba yangu, kule Kimwani kwenye kigoda chake cha chini, macho yamepofuka siku nyingi lakini masikio yanapima, anajua sauti inatoka kimo gani, kwetu binti hamsalimii baba yake amesimama, unashuka kwanza, magoti sakafuni, ndipo unafungua mdomo, na mimi ile mara ya mwisho nilishindwa kushuka, nilijaribu nikashika mwimo wa mlango, goti likalia kama ukuni mkavu, basi nikasalimia hivyohivyo, na yeye akainua uso juu, akauliza, "Nani huyo ananisalimia kutoka darini?" na watoto wa kaka yangu Aroni wakacheka, nikasema ni Kokubanza, tata, goti limekufa, akasema, "Mama yako magoti yalimuuma maisha yake yote, hakunisalimia hata siku moja kama polisi aliyekuja kukamata," na hakuitikia, salamu yangu ikabaki pale imesimama pamoja na mimi… kanisani mchungaji alinikuta nang'ang'ana na ngazi ya madhabahu nipokee chakula cha Bwana, akaninong'oneza, simama tu mama, Mungu anaona, kwa hiyo Mungu alimaliza kwa neno moja, tata bado, na Aroni anapiga simu, mzee uji wenyewe sasa ni wa kijiko, hatoki nje, anakutaja, ila anasema uje kama binti, na mkewe Consolata kampokonya simu, "Wifi, wewe kaa kwenye mkeka, nyoosha miguu, sauti itatoka chini, mzee atajuaje?" nikamfokea hadi wateja dukani wakageuka, simdanganyi mzee kipofu, mimi nitapata goti nitashuka kweli, nikamwambia hivyo, nikakata simu…

"Presha inapanda kidogo," anasema Evarist, "vuta pumzi, mama, unawaza nini," ninawaza mama yangu, ndiye ninayemuwaza, sijui ametokea wapi na mimi nilikuwa kwa tata, ametokea kwa yale maneno, hakunisalimia hata siku moja, ni kweli, hakumsalimia amesimama hata siku moja, ila tata anaishia hapo, haelezi baadaye, mama alikuwa akishuka hainuki tena, anabaki pale chini kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, anajifanya anaokota punje za maharage, anaokota, hakuna maharage, anaokota nyasi anazipanga, mpaka mimi nitoke jikoni nipite kama napita tu, nimwingize mikono makwapani nimnyanyue, na ananiambia kwa kunong'ona, polepole, asisikie, na tata yupo pale na kibuyu chake cha lubisi, pombe ya ndizi, ananyonya mrija, anaangalia mlangoni… na aliona, ndiyo, aliona, wakati ule macho yake yalikuwa mazima, alikuwa anamtambua mbuzi wa jirani toka ng'ambo ya bonde, mke wake chini ya miguu yake hakumwona? Aliona. Hakuuliza. Na mimi nilikuwa nikisimulia kwamba mama alikuwa mwanamke wa heshima, nimesimulia hivyo kwenye matanga yake, watu wakaitikia, nimekuja mpaka kwenye meza hii nikatwe mfupa ili na mimi nishuke nikaokote maharage yasiyokuwepo.

Na haya magoti, hayaumi, lakini yamechoka, ni ajabu, kitu kisichokuwepo kinachoka, sasa hivi yalikuwa matamu na sasa nataka kuinuka, nasukuma, hakuna kinachosukumika, namwambia Klaudia, "Ninyanyue," anasema, "Umelala, mama, tulia, umelala," ananipangusa uso, atanipangusa nini, silii, ni taa, taa yao kali… basi nisijidanganye, niseme wazi kama ninavyowaambia wengine, ninautaka mkono wa tata, hicho tu, binti akishasalimia anauweka kichwani, mkono mkubwa, mzito, unanuka kahawa mbichi, nimeutaka toka nilipotoka mlangoni kwake nimenuna, na kichwani kwangu hautafika tena, sasa nimejua, atanyoosha mkono pale alipokaa, atapapasa, atakuta kanga, na ndani ya kanga kuna goti lenye kovu, hapo ndipo mkono wake utakapofika, ashike hilo, na mimi sitasogea, nitamwambia tata waitu, baba yetu, nimesimama, sitashuka tena, ulimwona mama hainuki ukanyamaza, sasa nakusalimia mimi, itikia… na hataitikia, namjua, mimi nimetoka kwake, hasira hizi sikuziokota Hamugembe, ataurudisha mkono mapajani, atageuza uso ukutani, Consolata ataanza kukohoa, Aroni atasema tule, au nisifike kabisa, nitakuwa na magongo bado nazunguka uani Aroni anapiga simu, tata hayupo tena, na hapo tutampeleka migombani karibu na mama, wanawake wote wa ukoo watapiga magoti kwenye udongo mbichi na mimi nitasimama katikati yao kama mlingoti, na watasema, wataisema siku nyingi, Kokubanza alimzika baba yake amesimama…

"Mama Kokubanza," anasema Mushumbusi, mikono bado iko mbele ya kifua, mashine bado inaita, pazia la kijani liko vilevile, Klaudia bado amenishika vidole, "hatuwezi kukaa hivi, ganzi ina muda wake, nipe neno lako," neno langu, neno analo tayari tangu asubuhi, lakini lile lilikuwa la mtu mwingine, yule aliyekuja kutafuta kushuka, wacha nimpe la huyu, nitakwenda Kimwani kwa miguu yangu, nitafika, nitasalimia, na asiyeitikia atakuwa yeye.

"Kata, daktari."