Misa ya Hanora

Bibi yangu hajui kutulia. Hata uji wake wa shayiri anaunywa amesimama, utadhani treni inamwacha. Lakini wiki ile alizidi. Tangu Jumatatu anazunguka jikoni tu, anafungua dirisha, anafunga dirisha, anasugua jiko lililokwisha kusuguliwa, mpaka kizunguzungu nikakipata mimi.

Chanzo ni barua kutoka kwao Kerry. Zamani barua za Ireland alizisoma mwenyewe kisha akazichoma, lakini sasa ana mtoto wa jicho, ikabidi nimsomee. Juu ya bahasha pameandikwa Bi. Hanora Shea, Springfield, Massachusetts. Ndiye yeye. Nikafungua, nikasoma: "Mama mdogo Gobnait, mama yangu Hanora amefariki. Ombi lake la mwisho ni misa moja huko Marekani, isomwe kwa jina lake, ili naye afike."

"Huyu kachanganya majina," nikasema. "Hanora si wewe?"

"Hajachanganya kitu. Mimi ndiye Gobnait."

Nikavuta kiti. Alinieleza huku anatembea. Mwaka 1911 shangazi yao aliyekuwa huku alimtumia dada yake mkubwa, Hanora, tiketi ya meli. Asubuhi ya safari Hanora alikwenda kumchimbia mama yao viazi kwa mara ya mwisho. Bibi, msichana wa miaka kumi na sita, akavaa koti la dada, akachukua tiketi, huyooo. Kwa jina hilo akafua na kupika katika nyumba za matajiri, akaolewa, akala kiapo cha uraia.

"Na hakuwahi kunitukana," alisema. "Kila Krismasi ananiandikia, na juu ya bahasha anaandika jina lake mwenyewe. Hebu fikiria, mjukuu wangu!"

Nilikasirika, sifichi. "Basi angalau mpe misa yake!"

"Halafu Padri asome Hanora Moriarty mbele ya mtaa mzima? Kila mtu anajua ndilo jina langu la usichana. Watanirudisha kwetu! Na babu yako je? Alimwoa nani?"

"Alimwoa mpishi mbishi. Nenda kwa Padri, Bibi."

Akaenda. Akarudi hanitazami usoni. Alikuwa amemwandikisha marehemu kwa jina la Gobnait.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema.

"Usinitolee methali. Umemwibia mara ya pili."

Tangu hapo hata chai haimalizi, anaiacha nusu, anakwenda kuchungulia barabarani kama kuna mtu anakuja.

Jumapili kanisa lilijaa. Nyuma yetu alikaa Delia Scully, jirani yetu, mdomo hauna breki. Bibi anavua glavu, anavaa, anavua tena. Padri Cullinane akafungua karatasi yake.

"Misa ya leo ni kwa ajili ya marehemu Gobnait Moriarty, dada yake Mama Shea wetu."

"Pole, mwaya," Delia akanong'ona.

Bibi akasimama. Nikamvuta sketi, akanipiga mkono.

"Padri, usinizike, mimi bado mzima!"

Watu wakacheka, wengine wakaguna. "Keti, Mama Shea," alisema Padri. "Ni huzuni hiyo."

"Si huzuni! Gobnait ndiye mimi. Aliyekufa ni Hanora. Tiketi ilikuwa yake nikamwibia, jina nikamwibia, miaka arobaini na tisa. Wa kunifukuza na anifukuze, lakini misa hii simwibii!"

"Makubwa haya!" Delia akashika kifua.

Nilitamani sakafu inimeze, na papo hapo nilimpenda Bibi kuliko siku zote. Padri alitafuta kalamu mfukoni, akakata jina, akauliza taratibu, "Hanora nani, mama?"

"Hanora Moriarty," alisema Bibi.

Padri akasoma upya. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1911, jina hilo liliitwa Springfield na bibi yangu hakuitika. Alikuwa analia.