Beseni la Enock

Nitegulie hiki, mjukuu wangu: naingia mweupe, natoka mwekundu, na anikanyagaye haponi. Mimi ni nani?

Ni maji ya beseni la umeme la kuoshea miguu, la Enock wa pale Mazwi, aliyedai linatoa sumu mwilini. Babu yako Wilibrodi alivimba miguu kwa sababu ya ugonjwa wa figo, akaacha dawa za hospitali, akawa anaitumbukiza humo. Maji yakishakuwa kama togwa ya ulezi, ananiita kwa furaha: "Mama Salome, ona sumu inavyotoka!"

Nikamuuliza Enock, "Mwanangu, ukiiwasha bila miguu, maji yanabaki meupe?" Akaongeza chumvi majini.

Juzi tulimzika babu yako. Enock akaja kutoa pole, akakataa kiti.

"Bibi," akasema, "yanageuka hata bila miguu."