Akirudi, Mwambie

"Hayupo," Najat alisema kwenye simu ya marehemu mumewe, na hakudanganya.

"Basi shemeji, akirudi mwambie Revelian wa Mbezi Luis kampigia. Naona ujumbe hajibu. Kesho Ijumaa wenzetu wanafunga mjadala wa mashine za zamani."

"Nitamwambia," alijibu, akairudisha simu mezani.

Mumewe, Nassibu, alizikwa kabla ya mvua kuanza. Watu walijaa uani kwao Boko, wakasoma, wakala, wakaondoka na masufuria yao. Najat akabaki ndani kukaa eda, macho makavu, hata wanawake wakaanza kunong'ona kwamba mjane huyu mbona halii. Hakuwa na kisirani na mtu. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kimezimika tu, naye hakujua kinawashiwa wapi. Neno lenyewe, kwamba mumewe amefariki, wengine walilisema kwa niaba yake kila mahali. Yeye halikuwa limemtoka mdomoni hata mara moja.

Alasiri ya siku hiyo ya simu akaja wifi yake, Mauwa. Nassibu alipenda kutania kwamba mkewe ana wifi wawili, mmoja wa damu na mwingine wa intaneti, yule wa ukutani, na wote hukatika bila taarifa. Mauwa alifundisha wasichana kuchapa kule Kibamba, kwenye kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi za mjini. Zilikwenda kwa programu za bure, zinazotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea bila kulipwa chochote. Nassibu alikuwa mmoja wao. Kila toleo jipya lilipotoka, yeye ndiye aliyelijaribu kwenye mashine ya zamani pale sebuleni, yenye feni la makelele.

"Wifi, nasikia wale wa programu wanataka kuziacha mashine za zamani," Mauwa alisema. "Wakiziacha, sie tumekwisha. Bila matoleo mapya, mtandao wenyewe utazikataa. Yule Revelian si alikuwa anaongeaga na kaka? Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli," Mauwa alisema, akaanza kukusanya vyombo.

Kesho yake baada ya swala, Najat alimpigia Revelian kwa simu ileile.

"Mie nakwambia ukweli, shemeji, kwenye hii ishu siko upande wa braza," Revelian alisema. "Tuko wachache. Wiki nzima inaishia kurekebisha vitu vya mashine ambazo anayezijaribu ni yeye peke yake, na kazi za mashine mpya zimepanga foleni. Mtu anajitolea, lakini naye ana watoto. Wenzetu wameuliza, nani yupo wa kuendelea kuzijaribu? Kimya. Kwani braza yuko wapi?"

Maneno yale hayakumkera. Hata yeye alimwambia Nassibu hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi, kila feni lile lilipoanza kuunguruma katikati ya taarifa ya habari.

"Amefariki," alisema.

Lilitoka jepesi, kama anataja bei ya nyanya.

"Shemeji, na mie jana nikakwambia akirudi..."

"Hukujua."

"Pole sana. Jamani, pole." Revelian akakohoa. "Basi nitawaambia. Bila yeye itabidi waziondoe tu."

"Alikuwa anajaribuje?"

"Anaweka toleo jipya kwenye flashi, anaichomeka, anawasha. Halafu anatuambia imewaka au haijawaka. La mwisho alisema ameshaliweka, hatukupata jibu."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo, ila kila mara. Hapo ndipo watu wanaposhindwa."

Najat akaisogelea mashine, simu sikioni. Ilikuwa chini ya kanga iliyoifunika tangu siku ya msiba. Akaivuta kanga. Flashi ilikuwa bado imechomekwa pale Nassibu alipoiacha. Akabonyeza kitufe.

Feni likaguna, kisha likaunguruma. Maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye kioo, taratibu, yakisimama njiani bila sababu.

"Inachelewa," alisema.

"Ndivyo zilivyo. Subiri."

"Usikate."

"Sikati."

Akaketi kwenye kiti cha mumewe. Hatimaye kioo kikawa buluu, mshale ukatulia katikati.

"Imewaka."

"Niandike nani kajaribu?"

Feni liliendelea na kelele zake, zilezile alizozichukia miaka yote, na hapo ndipo machozi yakamjia, mengi, mpaka yakalowesha simu. Revelian hakukata.

"Andika Najat," alisema mwishowe.

"Sijui kama watakubali, shemeji. Mtu mmoja tu."

"Wewe waambie nipo."

Akakata simu. Mashine akaiacha iendelee kuunguruma.