Mwiko wa Kukunia Mgongo

Nyumbani kwetu kulikuwa na miiko miwili: wa kupikia, na wa kumkunia mume wangu mgongo. Ole wake atakayeichanganya.

Figo zake zilikufa, na mara tatu kwa wiki mashine ya hospitali humsafisha damu. Hata hivyo muwasho haukukoma, naye ni kinyozi. Nani atampa shingo kinyozi anayeweka wembe chini kila mara ajikune? Wateja waliingia mitini mmoja mmoja. Hata mdogo wake, shemeji yangu, alianza kufuga ndevu.

Na huyu bwana, ili kuwawahi wateja wasiokuja, kila safari alimbembeleza sista amtoe kwenye mashine mapema. Ilinichoma roho.

Siku moja sista akavuta kiti, akaketi mbele yetu.

"Mzee, kinachokuwasha ni fosfati, madini yatokanayo na chakula. Mashine inaosha damu tu, na fosfati nyingi imejificha ndani, kwenye mifupa na nyama. Inatoka huko kwa kujivuta. Ukiondoka mapema, ile iliyobaki inaingia kwenye damu tuliyokwisha kuiosha. Vidonge endelea navyo, lakini inabidi ukae. Daktari amekubali tukuongezee saa mbili."

"Saa mbili! Na kibanda nimwachie nani?"

"Waachie nzi," nikadakia. "Ndio wateja waliobaki."

Alininunia njia nzima. Lakini safari iliyofuata alikaa. Alilalamika, akatazama dari, akalalamika tena, akasinzia. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, na mimi pembeni nikifuma kofia isiyokwisha.

Mwezi wa pili wa saa hizo za ziada nilimpelekea chakula kibandani. Nikamkuta shemeji kitini, povu hadi masikioni, macho kayafumba kama anayesubiri sindano. Wembe ukapita shavuni, ukashuka kooni taratibu. Mkono wa pili wa mume wangu ulitulia kidevuni pa mdogo wake mpaka kazi ikaisha.

"Nimepona?" shemeji akauliza, akijipapasa shingo.

Jioni, kwa mazoea tu, nikauchukua mwiko.

"Haya baba, geuka."

"Wa nini huo?"

Furaha ilinijaa mpaka machozi yakanitoka. Akanitazama, akacheka kidogo.

"Basi nikune, mama watoto," akasema, akanigeuzia mgongo ambao haukuwa ukiwasha.