Vifaa vya Wageni

Mama wa Kikamba anayejiheshimu hana vikombe vya aina moja. Ana vya plastiki vya kila siku, na ana vya wageni vinavyokaa ndani ya kabati la vioo, juu ya kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Watoto wa nyumbani hawavigusi. Ndinda alilelewa hivyo, na alipofanywa msimamizi wa usalama katika ghala la ndengu, yaani choroko, lililokuwa nje kidogo ya Kathonzweni, aliingia na desturi hiyo kazini bila kujijua.

Ghala lilikuwa limeshaonywa. Afisa wa usalama kazini aliwahi kupita akakuta watu pekupeku juu ya mashine na nyaya za umeme zikining'inia kama mikia ya mbuzi. Akasema atarudi, na asipoona mabadiliko atafunga. Kwa hiyo Ndinda alipelekwa Machakos kwa mafunzo, akarudi na moto wa kazi. Alipaka mistari ya njano sakafuni, akatundika mitungi ya kuzimia moto, akawafundisha wenzake kila Jumatatu baada ya maombi.

Somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la shimo. Chini ya mashine ya kupandishia nafaka kulikuwa na shimo refu la saruji ambamo ndengu zilimiminwa. Maji ya mvua yakipenya, ndengu huoza, na hewa ya humo huharibika kimyakimya. "Huingii kabla feni haijapuliza," alikuwa akisema, "wala bila mkanda wa usalama na kamba ya kukuvutia juu. Hewa mbaya haibishi hodi."

Feni, mikanda na kamba vilinunuliwa. Vilipofika, meneja wao, Kitheka, alivigusa kwa ncha ya kidole.

"Vumbi la ndengu likishika hivi vitu, afisa atafikiri ni mitumba," alisema. "Viwekwe. Akishaona, ndio tuanze kutumia."

Ndinda aliona ni neno la busara. Akavifungia kwenye chumba cha kando, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Siku moja kabla ya ukaguzi, shimo lilianza kunuka. Ndinda alimwita Mutie, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale. Mutie alikuja na koleo begani, mwenzake Mwau akimfuata.

"Shemeji, hii harufu ni ya shimo ama ni ya Mwau?"

"Wewe nyamaza," Mwau akasema. "Mke wako alinishtakia soksi zako kanisani."

"Mutie, nataka hilo shimo liwe safi kabla ya chakula," Ndinda akasema.

"Hakuna shida. Leta basi feni na ule mkanda, nivae kama askari wa miavuli."

"Nimeshavifuta, nimevipanga. Vikiingia huko vitatoka vikinuka, na kesho mgeni atavishika."

"Kwa hivyo ninuke mimi?"

"Wewe utaoga. Ni mara hii moja tu. Toa zile zilizooza, utoke."

"Haki mkanda umenishinda cheo!" Mutie akasema. Wakacheka wote watatu, akashika ngazi, akateremka.

Ndinda alirudi kupanga kofia rafuni. Alisikia koleo likikwaruza saruji. Kisha hakulisikia tena.

"Mutie!" Mwau aliita. "Acha mchezo wako, Mutie!"

Ndinda alipofika, Mwau alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Alimkamata kwa ukosi wa shati akamvuta nyuma, maana alifundishwa kwamba anayemfuata mwenzake ndiye maiti wa pili. Akakimbilia ufunguo. Fundo la leso likakataa kufunguka, akalikata kwa meno. Feni ilikuwa bado ndani ya boksi lake. Mikanda ilikuwa ndani ya nailoni, na vifungo vyake vilikuwa vigumu kwa upya. Hakuna mkono pale ghalani uliokuwa umevizoea. Waliwasha feni, Mwau akafungwa mkanda, wenzake wakashika kamba, akashuka.

Mutie alitolewa akiwa na ndengu zilizooza usoni. Walimpepea, wakamkandamiza kifua kama walivyofundishwa. Hakuamka.

Kitheka alimvuta Ndinda pembeni.

"Sikia, dada. Mafunzo alipewa. Vifaa vilikuwepo. Alikataa kuvaa, basi. Vijana unawajua. Tukisema vingine, ghala linafungwa wakati wa mavuno, na wewe unalala ndani."

Ndinda hakujibu. Kitheka akauchukua ukimya huo kuwa ndiyo.

Maneno yana miguu. Jioni Ndinda alipofika kwa Mutie, yalikuwa yameshamtangulia. Mjane, Kalekye, alikuwa ameketi chini katikati ya wanawake wa kanisa, akipiga ardhi kwa kiganja.

"Nilikwambia kichwa ngumu kitakuua, Mutie! Unapewa mkanda unakataa, wewe ni nani? Umeniachia watoto kwa sababu ya ujeuri!"

Ndinda alifungua mdomo. Akaufunga. Akarudi nyumbani.

Asubuhi afisa alifika, mwanamke wa Kisomali aliyeitwa Ilhan. Alitazama shimo, akatazama nailoni zilizochanwa zikiwa zimetupwa sakafuni. Kitheka alisimulia hadithi yake vizuri, hata machozi yakamtoka.

"Alikataa mbele ya nani?" Ilhan aliuliza.

Kitheka alimgeukia Ndinda.

"Hakukataa," Ndinda alisema. "Aliomba. Mimi ndiye niliyemnyima."

Kitheka akaketi juu ya gunia. Kabla ya adhuhuri milango ilikuwa imefungwa kwa mnyororo, na wakulima waliokuja na punda wao walikuwa wakimtukana Ndinda kwa jina la mama yake. Polisi walipokuja kumchukua aandikishe maelezo, aliwaomba wapitie kwa Kalekye.

Alimwambia yote akiwa amesimama uani, askari nyuma yake. Kalekye alisikiliza mpaka mwisho.

"Aliomba?"

"Aliomba, na nilimcheka."

"Na mimi nimemtukana mume wangu usiku kucha mbele ya watu."

Hakumpiga Ndinda, wala hakumlaani. Aliinuka, akawaendea wanawake waliokuwa wakipika, akawashika mikono mmoja baada ya mwingine. "Aliomba," alikuwa akiwaambia. "Sikia, mama. Mutie aliomba." Hata yule aliyekuwa ameshaambiwa, alimwambia tena.